Jeti ya kwasa haijavunja kanuni ya nishati

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya falaki ilisema jeti (mikondo ya mada iendayo kasi mno) za baadhi ya kwasa, yaani viini ving'avu vya galaksi za mbali, zina nishati nyingi kuliko mwanga wa diski ya gesi inayolisha shimo jeusi, kisha ikahitimisha kwamba hesabu ya nishati imevunjika. La kwanza ni kweli. La pili lingemshangaza yeyote aliyewahi kusimama karibu na korona (mashine ya kukwangua mkonge, si korona ya barakoa).

Korona ikishakwangua, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa majani yaliyoingia. Mwanga wa diski ndio nyuzi. Shimo lisilozunguka hugeuza kuwa mwanga asilimia 5.7 ya mc², yaani nishati yote iliyomo, ya mada inayoanguka. Linalozunguka kwa kasi ya mwisho, hadi 42. Tukishika asilimia 10, kama wengi wafanyavyo, kwasa yenye mwanga wa wati 10³⁹ inameza karibu Jua mbili kwa mwaka, na mc² ya mlo huo ni wati 10⁴⁰. Jeti ya wati 2 × 10³⁹ imeuzidi mwanga maradufu, lakini ni moja ya tano tu ya kilicholiwa.

Na akiba ipo. Mwaka 1977 wanafizikia Blandford na Znajek walionyesha kuwa uga wa sumaku huweza kuchota nishati ya mzunguko wa shimo lenyewe. Jeti ikizidi hata mc² ya mlo, shimo hulipa kwa kupungua kasi ya kuzunguka.

Kosa kubwa zaidi, katika jedwali lenu, ni kupima jeti kwa ung'avu wa kiini chake cha redio. Jeti inayotuelekea kwa kasi inayokaribia ya mwanga huonekana angavu mara mamia kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyohiyo mabonge ya jeti ya kwasa iitwayo 3C 273 huonekana kana kwamba yanaupita mwanga mbio. Badala yake pimeni mawingu ya redio ambayo jeti huyajaza pembeni ya galaksi, kwenye masafa ya chini kama megahezi 151. Au, ndani ya kundi la galaksi, pimeni mapovu yaliyochimbwa na jeti kwenye gesi moto ya eksirei: shinikizo mara ujazo mara 4, gawanya kwa umri wa povu. Umri ndio unaosumbua, kwani ukikadiriwa kwa kasi ya sauti ndani ya gesi au kwa kasi ya povu kuelea, majibu hayalingani. Tena povu hutoa wastani wa mamilioni ya miaka, ilhali mwanga wa diski ni wa wakati mmoja tu.

Tunaomba jedwali lichapwe upya, safari hii likiwa na safu ya masafa yaliyotumika.

Wapenzi wa falaki,
Raskazone, Tanga