Dawa ya kidonda iliyoandikwa “nano” ituonyeshe vipimo

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu dawa za mitishamba zinazotengenezwa kwa teknolojia ya nano, yaani ya chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, ili kuponya vidonda imeeleza vizuri habari za maabara, ila ya sokoni imeyaruka. Naomba nafasi niyaseme. Kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na hao ndio wateja wa kwanza wa kila dawa mpya ya kupaka.

Kwanza niseme kwamba wazo lenyewe lina mashiko. Manjano, ile bizari ya jikoni, ina kiini kiitwacho kurkumini, ambacho kwenye vipimo vya maabara kinatuliza uvimbe na kudhoofisha vijidudu. Shida ni kwamba karibu hakiyeyuki kabisa kwenye maji, na kidonda kimejaa majimaji. Mgonjwa anakuja amekijaza kidonda unga wa manjano. Ukifungua bandeji unakuta gamba limekauka, chachi imegandamana nalo. Unalilowesha kwa maji ya chumvi, unalibandua taratibu, na chini yake usaha uko vilevile. Hata kile kidogo kinachoyeyuka hakidumu: kwenye maji yasiyo na asidi, asilimia 90 hivi ya kurkumini huvunjika ndani ya nusu saa, na donda ndugu kwa kawaida limeshapoteza ile asidi ya ngozi yenye afya.

Hapo ndipo nano inapopata kazi ya kweli. Kurkumini inafungiwa ndani ya vitone vya mafuta, au vya kaitosani inayotokana na maganda ya kamba na kaa, vyenye upana wa nanomita mia moja au mbili hivi. Unywele wa mtu unakaribia nanomita 80,000. Kitone kama hicho kinachanganyika na majimaji ya kidonda, kinaikinga dawa isivunjike mapema, na kinaiachia kidogo kidogo.

Lakini ukiuliza waliopona ni akina nani, mara nyingi jibu ni panya. Ngozi ya panya imelala juu ya msuli mwembamba unaoivuta, hivyo kidonda chake hufungika zaidi kwa kukazwa, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Kidonda cha mtu hakina msaada huo; nyama mpya lazima ijae kutoka chini na ngozi itambae kutoka kingoni. Tena panya wa maabara mara nyingi hukatwa kidonda hicho mgongoni. Mgonjwa wangu kidonda chake kiko chini ya unyayo uliokufa ganzi, anatembea juu yake hadi sokoni na kurudi bila kusikia chochote, huku sukari iko juu na mishipa ya damu imeziba. Pasipo kumpunguzia uzito mguuni na kushusha sukari, umpake utakacho, hakitapona.

Wala sidharau mitishamba. Mwaka 2022 Ulaya iliruhusu jeli iliyotengenezwa kwa magome ya mbetula, mti wa nchi za baridi, kwa vidonda vya watu wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kwa kuguswa tu. Marekani ikafuata Desemba 2023. Jeli hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 223, wengine wakipewa jeli isiyo na dawa bila kujua, ndipo matokeo yakalinganishwa. Haikuhitaji neno nano kwenye boksi.

Huku mtaani tunauziwa tyubu zenye picha ya jani na neno “nano” kwa herufi kubwa. Hazisemi kilichomo ndani kina ukubwa gani wala nani alikipima. Muuzaji mmoja niliyemuuliza nano maana yake nini alinijibu, “Hiyo ndiyo orijino, dada.” Jibu gani hilo! Wakati huohuo, kidonda kilicho wazi hakina ngozi ya kuzuia kitu kisiingie mwilini, na chembe ndogo kiasi hicho, pamoja na chochote kilichochanganywa nazo, zinaweza kupenya hadi kwenye damu.

Umoja wa Ulaya tangu 2013 unadai kwamba kipodozi chenye chembe za nano kiandike neno hilo pembeni ya jina la kiungo husika, ili mnunuzi ajue. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake, tuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili ipo tangu 1974. Ombi langu kwao ni dogo: dawa yoyote ya mmea ya kupaka kidonda isiandikwe “nano” mpaka mtengenezaji awasilishe ukubwa wa chembe uliopimwa na matokeo ya vidonda vya watu. Akishindwa, aiuze kama marhamu ya manjano au ya mwarobaini, kwa bei ya marhamu.

Na aliyekwisha kununua, akija kliniki aje na tyubu yake. Wengi wanaificha kwa kuogopa kugombezwa, wanaosha mguu asubuhi kabla hawajatoka nyumbani, nasi tunabaki tunakisia kwa nini kingo za kidonda zimebadilika rangi.

Muuguzi wa vidonda,
Tanga