Doto, kumbe we ndo mkubwa

Mambo Doto,

Nisamehe kwa kimya, hapa Ibadan, Nigeria, bando linakata kabla hata sijajibu meseji, ila hii siwezi kulala nayo. Kumbe kwa Wayoruba Kulwa ndo angekuamkia wewe shikamoo! Anayetoka kwanza wanamwita Taiwo, ila mkubwa ni wa nyuma, Kehinde, maana ndo kamtuma mwenzie atangulie aonje dunia kama inafaa, akimsikia analia na yeye anatoka. Na huku mapacha ni wengi kweli, mji wa Igbo-Ora, sio mbali na hapa, ndo unasifika kwa hilo duniani.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa bibi yake, tunakula zetu, naona pembeni kisahani cha kunde na kasanamu ka mti kamefungiwa kitambaa. Kumbe ni pacha wake! Zamani pacha akifa wazazi walienda kwa babalawo, mpiga ramli wa Ifa, akisema achongewe basi fundi anashika tezo, na mama anakalea kama mtoto, anakaogesha, anakapaka unga mwekundu wa osun, anakavisha shanga, anakalisha, maana roho ya mapacha wanaihesabu moja na aliyebaki anaweza kumfuata mwenzie. Kenyewe kanaitwa ere ibeji.

Akanipa nikashike. Urefu kama rula ya shule hivi, na kamechongwa mtu mzima kabisa, na maziwa kifuani, wakati mwenyewe alikufa hata hajatembea. Nywele za buluu, nikadhani rangi ya dukani, bibi akacheka, eti buluu ya kufulia, nili ilikuwa zamani. Ila uso Doto, uso umeisha! Pua imelala, macho mpaka upapase na kidole, kwa kuoshwa na kulishwa miaka yote, alianza mama yake akapokea yeye.

Siku hizi wengi hawachongeshi, kuna hata waliotumia mwanasesere wa plastiki au picha tu. Halafu kuna jamaa alikuja kukanunua, hao wauza vinyago wanapenda hasa yaliyolika sura (akili gani hiyo sijui), bibi akamfukuza na mwiko.

Naaga, naona anakarudisha kitandani kwake, anakafunika mpaka shingoni.

Haya, nisalimie mdogo wako Kulwa.