Faili la Excel limegoma au limepotea? Soma hapa kabla hujabonyeza kitu kingine

Mwisho wa mwezi ndio msimu wetu sisi mafundi wa kuokoa mafaili. Wahazini wa vikoba wanafunga hesabu za hisa, wenye maduka ya jumla wanataka kujua nani anadaiwa, wahasibu wa shule wanakagua ada. Hapo ndipo mtu anafungua Excel na kukuta ujumbe kwamba faili limeharibika, au halioni faili lenyewe. Kinachofuata tunakijua. Anajaribu kulifungua tena na tena, anazima na kuwasha, anapakua programu ya bure inayojisifu kurudisha kila kitu na kuiweka kwenye diski ileile, halafu anaitwa kijana wa jirani, naye anaanza kwa kupiga Windows upya. Mashine inapofika mezani kwetu, faili ambalo asubuhi lilikuwa linaokoleka limeshaandikwa juu yake vitu vingine.

Ushauri wa kwanza haulipiwi: acha. Kama Excel bado iko wazi na data unaziona, usiifunge. Nakili ulichonacho ukibandike kwenye faili jipya. Kama faili limefutwa, usihifadhi chochote kwenye diski hiyo, hata picha moja. Kama ni flashi, ichomoe na uiweke mfukoni.

Sababu ni hii. Windows ikifuta faili haifuti yaliyomo. Inafanya kama mwenye nyumba anayekata jina la mpangaji kwenye daftari wakati vyombo bado vimo chumbani: chumba kinahesabika kitupu, na mpangaji yeyote mpya anaweza kuingizwa humo. Kwenye diski za zamani, zile zinazozunguka, vyombo vinaweza kukaa muda mrefu kabla mtu hajaingia. Kwenye SSD, yaani diski zisizozunguka, ambazo ndizo zimejaa kwenye laptopu za siku hizi, hali ni nyingine. Windows huiambia diski kwamba sehemu hizo hazihitajiki tena, na diski inazisafisha yenyewe kimyakimya. Ndiyo maana mteja mwenye SSD aliyefuta faili na kumwaga pipa la taka tunamwambia mapema tutafute nakala sehemu nyingine. Kumlipisha kwa kuchimba diski tupu si haki.

Habari njema ni kwamba mafaili mengi yanayoletwa kwetu kama marehemu yako hai, ila yamelala chumba kisicho chao.

Mfano unaojirudia: karani anatumiwa orodha ya bei kwa barua pepe. Anaibonyeza palepale ndani ya Outlook, Excel inafunguka, anafanya kazi mchana kutwa, anahifadhi, anafunga. Kesho yake anarudi kwenye barua pepe, anafungua kiambatisho, anakuta kile cha jana asubuhi bila hata mstari mmoja wa kazi yake. Kumbe alikuwa anahifadhi kwenye folda ya muda iliyofichwa, ambayo Outlook hutumia kufungulia viambatisho. Kabla hujalia, fungua Excel, nenda File, kisha Open, tazama orodha ya Recent, weka kishale juu ya jina la faili uone linakaa wapi. Ukiliona, lihifadhi upya mahali unapopajua, siku hiyohiyo, maana folda hizo husafishwa.

Mfano wa pili unahitaji ujue Excel inavyohifadhi. Watu wengi wanadhani inaandika juu ya faili lilelile. Sivyo. Inatengeneza faili jipya kwenye folda ileile, lenye jina la ajabu la herufi na tarakimu nane lisilo na kiambishi chochote mwishoni, inamwaga kazi yako humo, kisha inafuta lile la zamani na kulipa jipya jina lake. Umeme ukikatika katikati, au mtu akichomoa flashi kwa haraka, linaweza kubaki faili linaloitwa, kwa mfano, 5A3F7C00, lisilo na alama ya Excel. Mteja haligusi, au analifuta akidhani ni virusi. Tengeneza nakala yake, iongezee .xlsx mwishoni mwa jina, jaribu kuifungua. Wakati mwingine mauzo yote ya mwezi yamo humo.

Kuna na lile dogo linaloanza na alama ~$. Kila wiki kuna mtu anatutumia hilo kwa WhatsApp akiuliza mbona faili lake limepungua uzito. Hilo si faili lako. Ni kibandiko ambacho Excel huweka kuonyesha kwamba faili limefunguliwa na nani, na kwa kawaida lina baiti 165 tu. Hakuna hesabu humo, hata ungempelekea fundi gani.

Na flashi iliyojaa njia za mkato zenye majina ya folda zako ina kirusi, ila folda zenyewe kwa kawaida zipo na zimefichwa tu. Usibonyeze njia hizo za mkato. Kazi ya kusafisha na kufichua ni fupi sana kwetu, kwa hiyo usikubali mtu akushawishi kuifomati.

Umeme ukikatika kabla hujahifadhi kabisa, fungua Excel, nenda File, Info, Manage Workbook, halafu Recover Unsaved Workbooks. Excel, isipobadilishwa mipangilio, huweka nakala ya uokoaji kila baada ya dakika 10, na zile ambazo hazikuwahi kuhifadhiwa hukaa siku nne kisha zinafutwa. Kama faili lilishawahi kuhifadhiwa, ukifungua Excel tena utaona orodha upande wa kushoto yenye saa mbalimbali. Hapo watu wanakosea kwa pupa: wanafunga orodha ile ili waendelee na kazi. Fungua kila moja, linganisha, hifadhi iliyo bora kwa jina jipya.

Sasa tuje kwa faili lililopo lakini linakataa kufunguka. Tengeneza nakala kwanza, na jaribio lolote lifanyike kwenye nakala. Kisha tazama ukubwa wake. Likisoma 0 KB, ndani hakuna kitu. Likiwa na ukubwa wake wa kawaida, fungua nakala kwa Notepad. Faili la .xlsx lisiloharibika kwa kawaida huanza na herufi PK, zikifuatiwa na takataka zisizosomeka. Ukiona PK, tumaini lipo. Ukiona weupe mtupu kutoka juu hadi chini, pole: mashine ilizimika Windows ikiwa imeshaandika ukubwa wa faili kwenye rejista yake, lakini yaliyomo hayakuwahi kufika kwenye diski. Ni sufuri tupu. Atakayekuambia ataligeuza faili la namna hiyo liwe hesabu zako anataka hela yako.

PK hizo zinatokana na ukweli kwamba tangu Office 2007 faili la .xlsx ni furushi la zip. Ndani yake kuna vifaili vingi: kimoja kwa kila karatasi ya kazi, kingine cha mitindo na rangi, kingine cha orodha ya karatasi. Mara nyingi kinachokuwa kimeharibika ni kimoja tu, na Excel inagoma kufungua furushi zima kwa ajili yake. Jaribu mwenyewe kwanza: katika Excel nenda File, Open, Browse, lichague faili mara moja, bonyeza mshale mdogo pembeni ya kitufe cha Open, chagua Open and Repair. Ikishindikana, jaribu LibreOffice, ambayo ni ya bure na mara nyingine hufungua kile ambacho Excel imekikataa. Vyote viwili vikikwama, tunafungua furushi kwa mkono na kuvuta kilicho hai.

Hapa kuna jambo ambalo wateja hushangaa wanapoonyeshwa kwenye skrini. Excel kwa kawaida haiweki maneno pamoja na namba. Kila neno uliloandika, jina la mteja au jina la bidhaa, linaingia mara moja kwenye kifaili kimoja cha maneno yote, na kwenye karatasi ya kazi inabaki namba ya kulirejelea tu. Kifaili hicho kikiharibika, tunakupatia safu ya kiasi, tarehe zote, jumla zote, lakini penye jina la mdaiwa pana namba kama 37. Unajua unadai shilingi ngapi. Nani unamdai, hujui. Hapo tunakuomba nakala yoyote ya zamani, hata ya miezi mitatu iliyopita, tuone mistari ya zamani inavyofanana, na kutoka hapo namba nyingi hurudi kuwa majina. Ni kazi ya subira, na ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Upande wa fomula kuna nafuu: kila seli hutunza fomula pamoja na jibu la mwisho lililokokotolewa, hivyo hata fomula ikivurugika, jibu mara nyingi tunalo.

Tunaomba sana usipandishe faili lako kwenye tovuti zinazotengeneza mafaili bure. Orodha ya wanachama wenye namba za simu na vitambulisho ni taarifa binafsi za watu wengine, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiwa mhazini, ni wewe utakayeulizwa na wenzako zilifikaje huko. Kwetu tunasaini karatasi ya usiri kabla hatujaanza, na tukimaliza tunafuta nakala zetu mbele yako.

Upo pia upotevu usiotoa ujumbe wowote. Mfumo wa zamani wa .xls mwisho wake ni mistari 65,536; .xlsx unafika 1,048,576. Mwaka 2020 huko Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa kwenye .xls na mistari iliyozidi haikuingia. Ofisi nyingi hapa kwetu bado zinahifadhi kwa .xls kwa mazoea. Kama ripoti ya mauzo kutoka kwenye mfumo wako inaishia mstari wa 65,536 kamili, mistari yako mingine iko nje. Chota upya kutoka kwenye mfumo kwa .xlsx.

Flashi za bei ya kutupa zina yao. Imeandikwa 64 GB, ndani ni ndogo mno, na ikijaa inaendelea kupokea mafaili bila kulalamika huku ikiyaharibu. Tukishuku hivyo tunaipima kwa H2testw, programu ndogo ya kupima uwezo halisi wa flashi. Faili lililoandikwa zaidi ya uwezo halisi wa flashi halikuwahi kuwepo humo.

Ukikuta mafaili yote yameongezewa kiambishi kigeni na kuna barua inayodai malipo, zima mashine, chomoa intaneti, usilipe na usifute. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) na kampuni za usalama wa kompyuta, una funguo za bure za kufungulia mafaili yaliyofungwa na baadhi ya virusi hivyo. Tutakuangalizia kama chako kimo.

Na pale ambapo hakuna cha kuokoa, tunajenga upya. Taarifa ya miamala ya simu inapatikana kwa PDF, ya benki vilevile, risiti za EFD zipo, na kundi la WhatsApp la kikoba lina picha za daftari za kila kikao. Kwenye simu ya Android ya mtu uliyewahi kumtumia faili, pekua folda ya WhatsApp Documents. Na kwenye simu yako uliyotumia kulituma, ndani ya folda hiyohiyo ya WhatsApp Documents kuna folda ya Sent. Mara nyingi nakala ya miezi miwili nyuma inakutwa hapo, na mnabaki kuingiza miezi miwili badala ya miaka mitatu.

Kila mashine inayotoka kwetu tunaiwekea uokoaji wa kila dakika mbili na nakala inayopanda Drive au OneDrive yenyewe. Tunasisitiza mtandaoni, kwa sababu wateja wengi wana nakala kwenye flashi ya pili iliyo kwenye mkoba uleule wa laptopu, na kibaka habagui.

Ukija, njoo na mashine ikiwa imezimwa, chaji yake, na flashi zote zilizowahi kubeba faili hilo. Tuandikie kwenye karatasi jina la faili kama unavyolikumbuka, siku ya mwisho lilipofunguka vizuri, majina matano au sita yaliyokuwemo ndani ili tuyatafute, na kila ulichojaribu kabla ya kuja, hata kama unaona aibu kukisema. Kupima ni bure na bei utaijua kabla hatujaanza. Tusipopata kitu, unachukua mashine yako bila kulipa. Kwa mafaili ya vikundi, tafadhali mhazini aje na kiongozi mwingine mmoja, maana hatukabidhi hesabu za kikundi kwa mtu mmoja.