Usukani Usikunyang'anye

Salim ndugu yangu,

Salaam, na shemeji umfikishie zake. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili. Impreza WRX umeishusha milimita 40, umefunga zile boljointi ndefu (viungo vinavyounganisha mkono wa chini na gurudumu) ulizoambiwa zitairudishia utulivu wake kwenye kona, na sasa gurudumu moja likipanda kiraka cha lami gari inakimbilia pembeni kabla hujagusa usukani. Boljointi zenyewe hazina ubaya. Umefunga nusu ya kazi, basi.

Gurudumu la mbele la gari hiyo limeshikwa na vitu vitatu: shokapu kwa juu, mkono wa chini, na tairodi, ile fimbo ya kugeuza gurudumu inayotoka kwenye raki ya stelingi. Gurudumu likipanda, ncha ya mkono inachora tao lake na ncha ya tairodi inachora la kwake. Kiwandani matao hayo yalipangwa yatembee pamoja. Yakiachana, tairodi inaligeuza gurudumu hata kama wewe umetulia. Kwenye Subaru tairodi iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo ikivuta kwenda ndani, tairi linaangalia nje. (Kwa magari ambayo tairodi iko mbele ya ekseli tairi linageukia upande wa pili, usije ukamshauri jirani vibaya.)

Sasa hesabu. Tuchukue mkono wa mm 350, kwa mfano tu. Wa kwako upime. Boljointi iliyorefushwa mm 25 imeishusha ncha ya mkono, mkono umeinama kwenda chini karibu digrii 4 zaidi, lakini tairodi imebaki na mwinuko ule ule. Gurudumu likipanda mm 25, tairodi inaingia ndani kuliko nako (chuma kinachobeba hab ya gurudumu) kwa kama mm 1.5. Mkono wa stelingi kwenye nako, pale tairodi inapofungwa, ukiwa mm 130, hiyo ni zaidi ya nusu digrii. Kwa tairi la 215/45R17, lenye kipenyo cha karibu mm 625, ni tofauti ya mm 7 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma. Fundi wa alaimenti anahangaika na milimita moja, wewe unapoteza saba kwenye tuta dogo. Ndiyo maana seti kamili huja na boljointi pamoja na tairodi endi (viungo vya ncha ya nje ya tairodi) zilizoshushwa. Anayekuuzia boljointi peke yake anakuuzia ugonjwa.

Kabla hujatoa pesa nyingine, lala chini ya gari. Mwambie mtu atikise usukani kidogo kushoto na kulia huku wewe umeshika bomba la raki. Raki ikicheza kwenye bushi zake, badilisha bushi kwanza; ni rahisi, na zikilegea zinaiga ugonjwa huu vizuri mno. Angalia pia bushi ya nyuma ya mkono wa chini na tairodi endi zenyewe. Kitu kilicholegea hakipimiki.

Kupima ndiko kunakotaka subira. Gari ikiwa chini, kwenye sakafu iliyo sawa, pima kutoka katikati ya hab hadi ukingo wa mudigadi, uandike: hiyo ndiyo sifuri yako. Rekebisha kemba (tairi linavyoinama ndani au nje kwa juu) uitakayo sasa, si baadaye, maana kuigusa baadaye kunabadilisha kila kitu. Pandisha gari kwenye stendi, fungua linki za stabilaiza (fimbo inayounganisha pande mbili gari isilale kwenye kona) pande zote mbili, toa shokapu, toa springi, kisha rudisha shokapu tupu. Springi toa kwa kibanio chake, usifungue nati ya juu springi ikiwa bado imebanwa, inaweza kuua. Usukani uweke katikati kabisa, uufunge usiende popote.

Mahali pa rimu funga ubao mnene wa plaiwudi ulionyooka, au bati la alumini, kwa nati za gurudumu. Weka geji mbili za mshale zinazogusa ubao, moja mbele na moja nyuma ya hab, kwa urefu ule ule kutoka chini, zikiwa zimeachana mm 300. Zote mbili zitasogea gurudumu likipanda, hilo lisikutishe. Unachotafuta ni tofauti kati yake. Tofauti ya mm 1 kwa geji zilizoachana hivyo ni karibu digrii 0.19. Panda na jeki mm 10 kila hatua, hadi ufike 60 juu ya sifuri, kisha shuka hadi 50 chini yake, ukiandika kila hatua. Upande mmoja ukimaliza, fanya wa pili. Usidhani zimefanana. Zikitofautiana sana, raki imekaa upande au krosimemba (fremu ya chini inayobeba raki) imepinda, na hapo hakuna spesa, yaani pete ya kuongeza urefu, itakayokusaidia.

Chora namba hizo kwenye karatasi. Mstari ukiwa umenyooka lakini umeinama, tairi likiangalia nje kila linapopanda na ndani linaposhuka, ncha ya nje ya tairodi iko juu mno: ishushe. Likifanya kinyume, umeishusha kupita kiasi. Mstari ukipinda kama ndizi, tairi likaenda upande mmoja likipanda na likishuka pia, basi urefu wa tairodi haulingani na wa mkono. Spesa haziondoi upinde huo, zinauhamisha tu. Kwa gari ya barabarani uache ubaki mdogo.

Kwa gari yako nategemea utahitaji kuishusha ncha kati ya mm 20 na 25, lakini karatasi ndiyo itakayoamua. Kama seti yenye tairodi endi za urefu uliopangwa haipatikani, tengeneza kwa endi ya mpira wa chuma inayoning'inia chini ya mkono wa stelingi kwenye pini yenye shingo ya koni, na spesa za mm 1, 2, 5 na 10 za kuchezea. Koni ya pini lazima iwe ile ile ya nako. Fundi akikuambia atatoboa tundu linyooke apitishe bolti ya kawaida, mshukuru uondoke, labda awe na mashine ya kutoboa iliyosimama na bushi ya chuma ya kujazia. Kadiri spesa zinavyorefuka, pini inapindishwa zaidi, hivyo tumia chuma cha daraja la 10.9 au zaidi, na chini ya endi weka washa pana kuliko mpira wake, ili ukikatika usichomoke. Nyuzi ziingie angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti. Tairodi endi yenye nati ya kotapini (pini ndogo inayopita kwenye tundu nati isifunguke), nati usiilegeze kutafuta tundu. Kaza mbele hadi litokee.

Kisha vaa rimu uzungushe usukani mwisho hadi mwisho, gurudumu likiwa juu na likiwa chini. Endi iliyoshuka inakaribia ndani ya rimu. Inchi 17 kwa kawaida inapita, 15 usijaribu.

Usitafute sifuri kamili. Badiliko la chini ya mm 0.5 kwenye geji kwa mm 25 za kwanza za kupanda latosha. Likibaki kidogo, heri tairi liangalie nje likipanda kuliko ndani, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje ndilo linalobanwa, na likijikunja ndani lenyewe gari inakuwa na haraka kuliko dereva. Kupandisha raki pia kunafanya kazi ile ile, ila kwenye Subaru nafasi ni finyu na kiungo cha fimbo ya usukani kinaweza kubana. Nisingeanzia huko.

Ukishafunga springi na linki, alaimenti mpya siku hiyo hiyo kabla hujakimbiza gari. Endi zisizo na mpira wa kuzuia vumbi zikague kila kilomita 5,000. Mchanga wa huko kwenu unazila.

Kuna njia ya bei rahisi pia, na najua hutaipenda: toa boljointi ndefu, pandisha gari mm 15, upime tena. Huenda karatasi ikakuonyesha huhitaji kununua chochote.

Nitumie namba za pande zote mbili ukishapima.

Wako,
Hamisi