Paina haina kosa, tazameni gundi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo katika gazeti lako tuitetee paina. Meza ikipasuka katikati, kaunta ya jikoni ikiachia viungo, lawama zote huenda kwa mti: eti mbao za Mafinga ni laini, hazifai samani. Hebu mwenye meza hiyo autazame ufa wake kwa makini. Mara nyingi atakuta umenyooka kama rula kutoka ncha hadi ncha, na kuta zake zote mbili ni laini, zinang'aa, hazina hata unyuzi mmoja uliochanika. Huo si ufa wa mbao, ni gundi iliyoachia. Kiungo kilichobandikwa sawasawa ukikivunja kwa patasi, kinachokatika ni mbao iliyo pembeni ya gundi, gundi yenyewe inabaki imeshika.

Mbao pana zimekuwa adimu siku hizi, na hata zikipatikana hujikunja. Kwa hiyo uso wa meza, ubao wa kitanda, mlango na ngazi vyote vinatokana na kubandika vipande, ama ubavu kwa ubavu au bapa kwa bapa. Maana yake ubora wa kazi unaamuliwa na gundi kabla hata ya vanishi. Lakini fundi akiingia duka la vifaa, Mwanjelwa au Makambako, akaomba "gundi ya mbao", atapimiwa nyeupe bila kuulizwa anatengeneza kitu gani na kitakaa wapi.

Hiyo nyeupe kwa kawaida ni PVA (polivinili asetati, gundi ya maji), na PVA si moja. Kopo halisi, hasa lililotengenezwa kwa viwango vya Ulaya, huwa na alama D1, D2, D3 au D4. D1 ni ya kitu kinachokaa ndani na hakiguswi na maji. D2 huvumilia unyevu wa mara mojamoja. D3 ndiyo ya jikoni, bafuni na milango iliyo chini ya baraza. D4 inaweza kukaa nje, ilimradi kazi imepakwa rangi au vanishi ya kuikinga. Kwenye kipimo cha EN 204, kiwango cha Ulaya cha gundi za mbao, madaraja yote manne hutakiwa kustahimili niutoni 10 (kama uzito wa kilo moja) kwa kila milimita ya mraba yakiwa makavu, kwa hiyo siku ya kumkabidhi mteja huwezi kuona tofauti hata ukipanda juu ya meza. Tofauti ni ya majini. Baada ya kulowekwa siku 4, D3 hutakiwa kubaki na niutoni 2 tu, na D4 niutoni 4. Tena D4 huchemshwa saa 6, ikapoozwa saa 2 kwenye maji baridi, na bado iwe na niutoni 4. Anayetengeneza benchi la bustani kwa D3 ajue kwamba mvua za Januari zinaweza kumwachia sehemu ndogo tu ya nguvu aliyoanza nayo.

Asiye na alama ya kusoma anaweza kupima mwenyewe. Bandika vipande viwili vya paina, acha siku 7, loweka kwenye ndoo siku 4, kisha ingiza patasi. Vikitengana kama mkate uliolowa, gundi hiyo ni ya fremu za picha.

Sasa tuje kwenye jambo la kwetu hasa, baridi. Maelezo mengi ya kwenye makopo yameandikwa kwa karakana yenye nyuzi joto 20. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe inakaribia 2,000, na Kitulo huamka na sakitu katikati ya mwaka. PVA hushika kwa chembechembe zake kuyeyukiana na kuwa utando mmoja wakati maji yanapotoka. Chini ya kiwango fulani cha joto, ambacho kwa gundi nyingi ni kati ya nyuzi 5 na 10, chembe hizo hukauka kila moja peke yake. Matokeo yake ni unga mweupe kama chaki ndani ya kiungo, na chaki haishiki mbao. Ukiona gundi iliyofurika pembeni imekauka nyeupe badala ya kuwa ya kupitisha nuru, usiendelee kuranda. Fungua, kwangua, anza upya.

Wengi hukosea hapa kwa kupima joto la hewa. Saa nne asubuhi jua limetoka na fundi amevua koti, lakini mbao zilizolala kwenye sakafu ya saruji usiku kucha bado zina baridi ya alfajiri, na gundi inafuata joto la mbao. Juni na Julai bandika kati ya saa tano na saa nane mchana, baada ya kuzianika mbao juani kwa muda (geuza pande zote mbili, la sivyo zitapinda), na kopo lilale ndani ya nyumba. PVA ikishaganda kwa baridi ikawa na mabonge, hairudi hali yake hata ukiipasha. Muda wa kubana nao urefushwe: kinachoshika kwa saa moja kwenye joto la nyuzi 20 kinataka saa tatu kwenye nyuzi 10 hadi 12, na kazi ya bapa kwa bapa ilale kwenye klampu hadi kesho yake.

Unyevu wa mbao ndio adui wa pili. Mbao ya kubandika kwa ajili ya samani za ndani iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 12, na vipande vinavyokutana visipishane kwa zaidi ya asilimia 2 au 3. Mbao nyingi zinazouzwa kama "kavu" zimekauka ngozi tu. Kipima unyevu ni kizuri, ila mizani ya jikoni inatosha: kata kipande chembamba sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao, kipime, kikaushe kwenye tanuri la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena, kisha kipime tena. Kikitoka gramu 118 kikawa gramu 100, mbao ina asilimia 18, haijafika.

Kwa nini tusiibandike hivyo hivyo? Paina iliyopasuliwa bapa hunywea takriban robo ya asilimia ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Uso wa meza wa sentimita 90 ukishuka kutoka asilimia 18 hadi 10, unaweza kupungua kwa milimita 18. Kama umeugongomea kwenye fremu kwa misumari pande zote, milimita hizo lazima zitoke mahali, na zitatoka kwenye kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana hata gundi bora haimwokoi aliyefunga uso wa meza bila kuuachia nafasi. Matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kidogo, skrubu iweze kutembea. Na meza inayoondoka Iringa kwenda Dar es Salaam inafanya safari ya kinyume: itavimba.

Mbao zenye kiini cha mti zitupwe kwenye kazi nyingine. Paina inayovunwa ikiwa changa ina sehemu kubwa ya mbao ya karibu na kiini, ambayo hunywea hata kwa urefu na kujipinda kama mkia. Gundi haiwezi kushindana nayo.

Uso wa kubandikia uwe umerandwa siku hiyo hiyo. Uso uliotoka msumenoni una nyuzi zilizovurugika, gundi itashika manyoya. Paina yenye mifuko ya utomvu ifutwe kwa spiriti, au kipande hicho kikatwe. Utomvu na gundi ya maji havijuani. Msaji una mafuta, hivyo futa kwa asetoni na ubandike papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena. Mbao zilizotiwa dawa zirandwe upya baada ya dawa kukauka. Kwa mkaratusi na mninga weka nailoni chini ya klampu, kwa sababu chuma, maji ya gundi na tanini ya mbao vikikutana huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa.

Ubavu usipokutana vizuri, usiulazimishe kwa klampu. PVA inataka kiungo chembamba kama karatasi. Kuna njia rahisi ya kuupata: bana mbao mbili jirani bapa kwa bapa, zirande ubavu kwa pamoja, kisha zifungue kama kitabu. Randa ikiwa imelala kidogo, kosa la huyu hufidiwa na la mwenzake.

Kiasi cha gundi ni gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Meza ya mita 1.8 kwa sentimita 90, iliyounganishwa kwa vipande 9 vya upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 3, ina viungo 8 vyenye jumla ya mita ya mraba 0.43. Hiyo ni gramu 65 hadi 86, pungufu ya kikombe cha chai. Anayezimua gundi kwa maji ili "iende mbali" anaiba kikombe cha chai na kuiharibu meza nzima. Dalili ya kutosha ni shanga ndogondogo zinazotokeza pembeni ukibana. Usizifute kwa kitambaa chenye maji, utaisukuma gundi nyembamba ndani ya nyuzi na vanishi itatoka na mabaka; subiri nusu saa zikolee kama jibini, ukwangue kwa patasi.

Mkandamizo wa paina ni kama kilo 7 kwa sentimita ya mraba. Kiungo kimoja cha meza yetu kina sentimita za mraba 540, kwa hiyo kinadai karibu kilo 3,800: klampu 8 za chuma zilizokazwa vizuri. Boriti ya bapa kwa bapa yenye upana wa sentimita 10 na urefu wa mita 3 inadai tani 21, na hapo ndipo mafundi wengi hudanganyana. Kama uso umerandwa bila dosari, unaweza kushuka hadi kilo 2, yaani tani 6, lakini si misumari minne na jiwe juu yake. Fremu ya mbao ngumu pamoja na jeki za gari hufanya kazi hiyo vizuri. Kwa ubavu, kabari mbili zinazopishana kwenye mbao ya mbili kwa nne iliyopigiwa vizuizi hubana kuliko klampu nyingi za bei rahisi. Mpira wa tyubu utumike kwenye miguu ya viti tu.

Kisha uache uso wa meza siku 3 hadi 5 kabla ya kuranda mara ya mwisho. Maji ya gundi huvimbisha mbao kandokando ya kiungo. Ukiranda kesho yake utaondoa uvimbe huo, na ukija kukauka utabaki na mfereji mwembamba juu ya kila kiungo. Mteja atauona siku jua likiingia dirishani.

Kuhusu kenchi, boriti na nguzo za baraza: PVA ya aina yoyote isitumike, hata D4. Chini ya mzigo wa kudumu hutambaa polepole, na joto la chini ya bati huilainisha zaidi. Huko ni mahali pa resosinoli, ile ya rangi nyekundu iliyokolea ya kuchanganya na kigumishi, au poliyurethini iliyoandikwa kwamba ni ya miundo. Mjerumani Otto Hetzer alipopata hataza ya boriti za kubandika mwaka 1906, gundi ya zama zake ilikuwa kasini, ya maziwa, na boriti zilizokingwa na maji zilidumu. Poliyurethini ya kawaida ni nzuri kwa nje, ila ile povu inayofurika isikudanganye: haina nguvu, haizibi nafasi. Vaa glavu, mkononi haitoki kwa sabuni. Epoksi ndiyo inayojaza nafasi kweli, na bei yake inakukumbusha kuranda vizuri. Gundi ya viatu ni ya kubandikia fomaika.

Ombi letu ni kwa wenye maduka. Gundi inayomiminwa kutoka ndoo kubwa kwenda chupa za maji ya kunywa imepoteza alama ya D, tarehe ya mwisho na kiwango cha chini cha joto, yaani mambo yote matatu ambayo fundi anahitaji kuchagulia. Hatuombi kupima kukomeshwe, kwa sababu fundi wa viti viwili hana haja ya kilo 20. Andikeni tu kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa chupa: daraja, nyuzi joto, mwezi na mwaka. Na sisi mafundi, chupa isiyoandikwa tuirudishe kaunta.

Mafundi seremala,
Mafinga, Iringa