Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mambo ya vikao yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi nitasimama zaidi kwenye mradi wetu wa kugawa mbuzi kule Tandahimba, mkoani Mtwara.

Mwaka jana niliwaambia kwamba mradi ule umebadilisha maisha ya watu, nikataja nyumba za wanufaika zilizoezuliwa nyasi na kuezekwa bati. Mkapiga makofi. Leo naomba kauli ile ifutwe kwenye kumbukumbu za mkutano, maana haikuwa na msingi.

Mwezi Julai kamati ilirudi kijijini, na safari hii tulibisha hodi hata kwa majirani ambao hawakupata mbuzi. Nyumba ya kwanza, bati jipya. Ya pili, bati. Ya tatu tulimkuta fundi juu ya kenchi anagonga misumari. Tukiuliza hela imetoka wapi, jibu ni korosho. Msimu wa 2024 minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na kila mwenye mikorosho alionja. Sifa ya mnada tuliwavisha mbuzi.

Kuhesabu mbuzi tuliogawa ni ufuatiliaji, na lazima tuendelee nao. Tathmini ya matokeo inauliza swali gumu zaidi: kaya hii ingekuwaje leo kama tusingefika? Hulijui hilo kwa kuitazama yenyewe peke yake. Unahitaji kaya nyingine inayofanana nayo, yenye mvua ile ile na bei ile ile, ambayo haikupata.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo fomu zetu hazikuwahi kuliuliza. Mjane mmoja alitukalisha mkekani akatoa bakuli la plastiki, lile lile alilopimiwa kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya chini kabla ya mavuno, mwaka juzi mtoto wake alipougua, korosho zikiwa bado maua. Mwaka huu mtoto kaugua tena, mama kauza beberu na korosho zake zingali zake. Jirani yake asiye na mbuzi alikwishapokea hela ya watu kwa korosho ambazo hajavuna. Tulizungumza na kaya chache, kwa hiyo sisemi tumethibitisha. Nasema sasa tunajua la kuuliza.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu Kusini. Taasisi ya Afya Ifakara iliendesha mpango wa Mtunze Mtoto Mchanga katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, watu wa kujitolea wakiwatembelea wajawazito na wazazi nyumbani. Kata zilizopata zililinganishwa na zisizopata. Matokeo yalitoka mwaka 2015: unyonyeshaji uliboreka, lakini vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua. Wakayaandika hivyo hivyo. Nawaheshimu sana kwa hilo, kwa sababu anayeficha jibu kama lile anamnyima mtoto wa kesho msaada ulio bora zaidi.

Awamu ijayo mbuzi hawatatosha vijiji vyote vilivyoomba. Kamati inapendekeza vijiji vichaguliwe kwa kura ya bahati nasibu, hadharani. Vitakavyokosa vitapata awamu ya pili, na wakati vikisubiri vitakuwa vya kulinganishia. Baadhi yenu mmenifuata mkisema tunawafanya watu wa majaribio. Nimelifikiria sana neno hilo. Lakini mpaka sasa kijiji kinachotangulia ni kile chenye mtu anayetufahamu, na hiyo naiona dhuluma kuliko kura. Dharura ni kando: kikija kimbunga kama Hidaya cha Mei 2024, hakuna atakayesubirishwa. Tutakacholinganisha ni aina ya msaada, kama unga au fedha mkononi, kila aliyeathirika akiwa amepata kimojawapo.

Tunaomba mkutano uidhinishe posho na nauli za wadadisi watakaoziuliza kaya maswali kwa mizunguko miwili, wa kwanza kabla mbuzi hawajagawiwa, wa pili mwezi ule ule mwaka unaofuata. Rasimu ya maswali iko kwa katibu. La kangomba ni la nne. Msomeeni mama yeyote wa kijijini kwenu, mtuambie kama amelielewa.

Mwenyekiti