Shukrani kwa mama wa Ipagala

Mama uliyesimama kwenye uzio wetu pale Ipagala ukamzuia kijana aliyekuwa akifyeka, shikamoo, na asante sana. Jina lako sikulijua.

Ulituambia ule mmea unaotambaa, wenye utomvu mweupe na matunda ya miiba laini, tuuache kwa sababu vipepeo hutaga hapo. Ni kweli kabisa. Yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha nyeusi za mbawa na madoa meupe, hutaga kwenye majani yake. Kiwavi wake wa mistari myeusi, myeupe na ya njano hula majani yale yenye sumu asidhurike, na sumu hiyo humkinga na ndege hata akishaota mbawa. Wengi wetu hupanda maua tu. Maua humlisha kipepeo, lakini viwavi wake watakula nini?

Mbegu ulizorudi nazo kesho yake, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, nilizipanda mvua za Desemba zilipoanza, kama ulivyosema. Katika ukame wetu huu wa Dodoma, ukuta mzima umekuwa kijani! Ukipita tena, mama, gonga geti. Mbegu zako zipo, na za majirani zako pia.